Boila ya Mount Gelai

Ilikuwa Aprili, masika yamekwisha kuingia Mombasa, nilipoamka nikakuta boila ya karatasi imepinda juu ya meza kama ndizi. Usiku nilikuwa nimeipaka andakoti ya maji kwa brashi nikaiacha ikauke. Kufika asubuhi ngozi yake, yaani karatasi ya nje, ilikuwa imebonyea kati ya kila duara la kadibodi lililo ndani na jirani yake, mbavu zote nje, sawasawa na ng'ombe wa kiangazi.

Nilikuwa nikiunda kielelezo cha karatasi cha injini ya treni ya mvuke, Mount Gelai, namba 5918, ya daraja la 59 la Reli za Afrika Mashariki. Zilikuwa injini 34, zote kazi ya Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya huku kwetu. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, na ndizo zilizovuta mizigo kutoka bandarini Mombasa kupanda Nairobi. Gelai ipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, pamoja na mwenzake Mount Shengena, ingawa milima yenyewe yote miwili iko Tanzania.

Skeli niliyochagua ni 1:50, na kilichoniamulia ni reli. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwenye skeli hiyo inakuwa milimita 20 kamili, hakuna desimali ya kukusumbua. Injini yenye urefu wa mita 31.7 inashuka hadi sentimita 63 na ushei. Gurudumu la kuendeshea, milimita 1372, linakuwa 27.4. Boila yenye kipenyo cha milimita 2286 inakuwa 45.7.

Mtu aliyezoea injini za kawaida anaweza kushangaa kwa nini kubonyea kidogo kunitie simanzi. Sababu ni umbo la Garratt, aina ya injini ambayo Gelai ni mojawapo. Boila na kibanda cha dereva vimebebwa na fremu ya katikati, na fremu hiyo imelala kwa ncha zake juu ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na silinda zake, magurudumu yake na tangi lake. Chini ya boila hamna gurudumu hata moja, ni uwazi mtupu. Ndiyo maana wahandisi waliweza kuinenepesha kiasi kile. Kwa mwenye kuunda kielelezo maana yake ni moja: jicho linaipiga boila kabla ya kitu kingine, na mwanga unaopita chini yake unaonyesha kila upogo.

Niliipasua kwa wembe kutafuta chanzo. Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Nilikata maduara ya kipenyo cha milimita 45.7, kisha nikakata ngozi ya milimita 143.6, yaani mzingo wa duara hilohilo. Lakini karatasi ngumu ya manila ina unene, hii yangu 0.3, na ngozi haizunguki ndani ya duara bali juu yake. Kipenyo cha kuhesabia ni cha duara ukijumlisha unene mmoja wa karatasi: 46.0, ambacho kinadai ngozi ya 144.5. Nilipungukiwa na karibu milimita nzima. Pengo hilo nililiziba kwa ukanda wa manila kwa ndani na gundi ya mbao ya kutosha kabisa, na gundi ile ilipokauka ikavuta upande mmoja tu. Hapo ndizi ikapatikana.

Kosa la pili ni maji. Karatasi isiyozibwa hunywa unyevu ikatanuka, ikikauka inajikaza. Nilikuwa nimepaka vanishi nje tu. Kwa ndani karatasi ilikuwa tupu, na hewa ya masika ikaingia kwa raha zake. Andakoti ya maji ikamalizia kazi.

Boila ya pili nilianzia nje nikarudi ndani. Nilitaka 45.7 iliyokamilika, ngozi mbili za 0.3, basi maduara yakawa 44.5. Ngozi ya kwanza ikatoka 140.7, ya pili 142.6. Maduara manane ya kadibodi ya milimita 2, moja kila baada ya milimita 20, na safari hii sikuyaacha mazima, niliyatoboa katikati tundu la milimita 25 yakawa pete. Kati ya pete na pete nikapitisha mbavu nne za kadibodi kwa urefu, ili ngozi isiachwe ikining'inia bila cha kuishika.

Kabla ya kukata ngozi nilitafuta nyuzi za manila zinaelekea wapi. Kata kipande cha mraba, kikunje kidogo huku na huku bila kukivunja. Mkunjo unaokubali kwa ulaini, mstari wake ndio unaofuata nyuzi. Nyuzi zilale kwa urefu wa boila. Ukizizungusha kinyume manila itapasuka mistari midogo midogo ambayo rangi haiwezi kuificha, bali itaitangaza. Kisha niliiviringisha juu ya kipande cha bomba la maji lenye wembamba kuliko boila, taratibu, mara sita au saba, mpaka ikajishika umbo yenyewe. Ngozi inayobaki mviringo ikiachwa mezani haihitaji gundi nyingi. Maungio ya ngozi ya kwanza niliyaweka juu, ya pili chini, yasikutane yakavuta pamoja.

Vichwa vya ribiti vya sanduku la moshi, ile sehemu ya mbele ya boila, nilivibonyeza kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino, kwa nyuma ya karatasi, juu ya soli ya kandambili. Hili lifanywe kabla ya vanishi, kwa sababu karatasi iliyokwisha kunywa vanishi haibonyei, inapasuka. Mikanda ya boila ni karatasi nyembamba ya kuchapia iliyokatwa milimita 1 kwa rula ya chuma na wembe mpya. Wembe uliotumika siku mbili huacha manyoya.

Vanishi ilikuwa ya seremala, nimeizimua kwa thina nusu kwa nusu ili ipenye badala ya kukaa juu. Nje niliipaka kwa brashi. Ndani niliimimina, nikaizungusha boila mkononi ikapita pete hadi pete, nikaisimamisha juu ya gazeti imwage iliyozidi. Ndipo nilipoona faida ya yale matundu. Nikaiacha siku mbili.

Rangi nilingoja siku isiyo na mvua, saa nane mchana. Ukipulizia hewa ikiwa nzito, rangi inayokauka haraka inashika ukungu mweupe. Andakoti nilichagua nyekundu ya kutu, si ya kijivu, kwa kuwa Gelai imevaa damu ya mzee na rangi hiyo inapoa ikikaa juu ya kijivu. Mapulizo matatu mepesi kutoka sentimita 25, msasa wa 400 baada ya la kwanza, wa 800 baada ya la pili. Dohani na sanduku la moshi ni nyeusi, lakini nyeusi niliyoichanganya na tone la kijivu. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo hivi hufuta maumbo yote.

Magurudumu 28 yalikuwa tayari, kila moja tabaka nne za manila zilizoloweshwa supagluu ukingoni ili zikubali msasa. Vyuma vya kuunganisha magurudumu nilivipanga upande wa kulia ukitangulia wa kushoto kwa robo mzunguko. Mtambo wa mbele sikuulinganisha na wa nyuma, maana kwenye Garratt magurudumu ya mitambo hiyo miwili hayaunganishwi, na kwenye injini halisi kila mmoja huzunguka kwa zamu yake.

Nilipoiweka kwenye reli ya karatasi yenye kona, mtambo wa nyuma uligeuka, wa mbele ukakataa na kuinua magurudumu mawili. Rangi ilikuwa imeingia kwenye egemeo, pale mtambo unapogeukia chini ya fremu. Nikafungua bolti ya milimita 3, nikakwangua washa zote mbili kwa wembe, nikazisugua nta ya mshumaa na kufunga tena, nikairudisha nati nusu mzunguko. Safari hii mitambo yote miwili ilifuata kona, magurudumu yote 28 chini, na boila ikabaki katikati imenyooka.