Kumbukumbu ya mradi: kibali kimetoka, madirisha ya mbele yanabaki

Kibali cha kukarabati nyumba yetu kimetoka jamani! Kimekuja na masharti yake lakini kimetoka, na madirisha ya mbele yanabaki yale yale ya mbao, yanakarabatiwa, hayang'olewi. Kwa mliojiunga sasa hivi: hii ni nyumba ya ghorofa moja, kuta nene za mawe, ipo ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la kihistoria, kwa hiyo hata kama yenyewe haimo kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu, sura yake ya nje inahesabiwa ni mali ya mtaa mzima na huwezi kuigusa bila kuomba.

Nianzie hapo maana naulizwa sana inbox. Jengo kuorodheshwa lenyewe ni kitu kimoja, na jengo kuwa ndani ya eneo la hifadhi ni kitu kingine. Uingereza kwa mfano, nyumba iliyoorodheshwa inalindwa nje na ndani, ngazi, milango, mpaka mapambo ya dari, na ukiivunja au kuibadilisha bila ruhusa ni kosa la jinai kabisa. Lakini maeneo ya hifadhi, yaliyoanza kule na sheria ya 1967, yanaangalia zaidi kinachoonekana nje, na hata miti imo, mti wa ukubwa fulani huukati mpaka utoe taarifa wiki 6 kabla. Marekani nako watu wanadhani nyumba ikiingia kwenye rejista ya taifa ndo basi imefungwa, kumbe rejista hiyo peke yake haimzuii mwenye nyumba anayetumia hela zake mwenyewe, kinachombana ni sheria ndogo ya mji wake. Ufaransa ukiwa ndani ya mita 500 kutoka kwenye jengo la kumbukumbu unaweza kujikuta unahitaji maoni ya msanifu wa serikali hata kama nyumba yako haina historia yoyote. Kwa hiyo kabla hujabeba nyundo, jua kwanza uko kwenye kundi gani, usisikilize stori ya jirani, jirani anaweza kuwa kwenye kundi lingine na mmetenganishwa na ukuta tu.

Sasa madirisha. Dada yangu (nyumba ni yetu wote) alitaka aluminiamu, na sababu zake ni za kweli: baridi inaingia, kelele za barabarani zinaingia, na fremu zimeoza. Tukamwita mzee mmoja seremala. Hakusema kitu, akachukua bisibisi akaanza kuchomachoma fremu kuanzia juu kushuka chini. Juu bisibisi haiingii hata kidogo, mbao inalia kama jiwe. Katikati vile vile. Alipofika chini kabisa, pale maji ya mvua yanapotuama, ikazama kama kwenye mkate. Akamgeukia dada akamwambia, "Mwanangu, iliyooza ni hii ya chini tu. Hiyo ya juu ukiitupa hupati nyingine, miti ya siku hizi inakuzwa haraka, mbao yake laini." Dada akamuuliza, "Na kelele je, mzee?" Akasema weka kioo cha pili kwa ndani.

Hiyo ndo ikawa njia yetu. Kioo cha pili kinakaa kwenye fremu yake nyembamba upande wa ndani, kinafunguka, na siku ukitaka unakitoa bila kuacha jeraha. Ukiacha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya vioo viwili kelele zinapungua sana, na upepo hauingii. Watu wa uhifadhi wanapenda kitu kinachoweza kutolewa, hilo nimelisikia kwa kila niliyeongea naye: mabadiliko yanayorudishika yanapita kwa urahisi kuliko ya kudumu. Dada ameridhika kabisa, na dirisha kwa nje halijabadilika kitu.

Kwenye maombi tulipeleka picha za pande zote, mchoro wa kila dirisha kwa skeli, maelezo ya nini kimeharibika na kwa nini, na tunapendekeza nini. Kabla ya kupeleka tulikaa na afisa wa uhifadhi tukamwonyesha rasimu, na hicho kikao nakipendekeza kwa kila mtu, maana akikuambia mapema kwamba hili litapita na hili litakwama unaokoa muda mwingi sana. Sola tuliiweka paa la nyuma kwenye mchoro, haionekani kutoka barabarani, haikuulizwa swali hata moja.

Ila kuchora lile dirisha ndo kulinifanya niielewe nyumba. Ukipima kila kipande, upana wa kile kijiti kinachoshika vioo, mteremko wa kizingiti cha chini, unaanza kuona kwamba ule mteremko upo ili maji yatoke, na ule mfereji mdogo chini yake umechongwa ili tone lidondoke chini lisirudi ukutani. Fundi wa zamani alifikiria haya yote. Kanuni zinapokulazimisha kuchora kabla ya kubomoa, naona hapo ndo zinafanya kazi yake kubwa, kuliko hata ile mihuri.

Kwenye lipu ndo kulikuwa na mjadala mrefu. Ukuta wa mbele ulishapigwa lipu ya saruji na waliokuwepo kabla yetu, na sasa inabanduka vipande vipande na mawe nyuma yake yanamumunyuka kama unga. Saruji ya kisasa ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, lakini kuta za namna hii zilijengwa kwa chokaa na zinapumua kwa chokaa. Maji yakiingia kwenye ufa wa saruji hayapati pa kutokea, yanakaa nyuma, yakikauka chumvi inajenga fuwele ndani ya jiwe na kulipasua uso. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapitisha unyevu, kwa hiyo ikiharibika inaharibika yenyewe, jiwe linapona, na lipu unaipiga upya. Kwa hiyo tunabandua saruji yote na kurudisha chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, makoti membamba, kila koti linafunikwa lisipigwe jua kali maana linagandishwa na hewa taratibu, ukiliharakisha linapasuka.

Sharti mojawapo la kibali ni kupiga kwanza kipande cha mfano ukutani, mita moja kwa moja, waje wakione kabla hatujaendelea. Wengine wanaliona usumbufu. Mimi nalipenda, kwa sababu mchanga ukibadilika rangi ya ukuta inabadilika, na ni afadhali ujue kwenye mita moja kuliko ukuta mzima.

Kinachonikera kweli ni muda. Ukarabati mdogo wa kufananisha, mbao kwa mbao ile ile, sehemu nyingi hauhitaji kibali kabisa, na inavyostahili ndo hivyo. Lakini penye kamati inayokutana kwa nadra, kizingiti kilichooza kinaendelea kunywa mvua huku faili liko mezani, na hapo kanuni ya kulinda inageuka kuwa ndo inayobomoa. Matengenezo madogo yapewe njia ya mkato, afisa mmoja asaini, kamati ibaki na mambo makubwa. Sisemi kanuni zifutwe. New York walianza kubomoa jengo la kituo cha treni cha Pennsylvania Station mwaka 1963, sheria ya kulinda majengo ikaja 1965, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubaliana na mji kwamba wenye kituo kingine cha treni, Grand Central, wanaweza kuzuiwa kuijengea mnara juu yake. Jengo la kwanza halikurudi, la pili bado lipo na watu wanapanda treni.

Seremala ameshaanza. Anakata sehemu iliyooza kwa mshazari, anaunga kipande kipya cha mbao ya aina ile ile, na upande usioonekana anachonga mwaka kwa patasi ili atakayefungua baadaye ajue kipi cha zamani na kipi cha sasa. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka hivyo hivyo, kipya kiendane na cha zamani lakini kiweze kutambulika. Puti ni ya mafuta ya kitani, bawaba zile zile zimesuguliwa kutu na kurudishwa.

Kipande cha mfano cha lipu tunapiga wiki ijayo, hali ya hewa ikikaa vizuri. Afisa akishakipitisha naweka picha za kila koti na kipimo cha mchanga tuliotumia, maana kuna watu wawili hapa wana kuta kama hii na wanasubiri.