Nairobi ya Rangi Tatu, Ukumbi wa Kaloleni

Kabla hatujaanza hata mazoezi, tulikwama kwenye swali moja: mzungu ataigizwa na nani?

Kikundi chetu kina watu wa Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Wengi ni wanakwaya, na wachache wamewahi kuzunguka shule za sekondari wakiigiza vitabu vya mtihani. Tulikuwa tumeamua kutunga mchezo wa nyimbo kuhusu jinsi Nairobi ilivyogawanywa kwa rangi ya ngozi, kuanzia kufika kwa reli mwaka 1899 hadi msako wa 1954. Kijana mmoja akajitolea kujipaka unga usoni. Mwingine akasema yeye atavaa kofia ya bakuli na kubwata Kiswahili cha "wewe boi, leta jai." Watu walicheka wakashika mbavu, na kicheko chenyewe ndicho kilichonionyesha kwamba njia hiyo haifai. Mzungu wa kuchekesha tumemwona kwenye tamasha za shule tangu utotoni. Ukishamcheka unarudi nyumbani umeridhika, na bado hujajiuliza kwa nini Muthaiga ya matajiri ina miti na Majengo ya maskini haina mitaro.

Nikawaambia jukwaani hakutakuwa na mzungu. Zitakuwepo sheria zake, na sisi ndio tutakaoziimba.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, kwa hiyo nilianza na ninachokijua. Mwaka 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya miji, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wasikae pamoja. Kisingizio kilikuwa tauni na uchafu. Miinuko ya magharibi na kaskazini ikawa ya Wazungu, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, nasi tukasukumwa mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaokung'oa kiatu mvua ikinyesha. Hayo nikayatia kwenye wimbo wa sauti nne, mtindo wa tenzi za kanisani, kwa kinanda na mwendo wa taratibu. Soprano wakaimba kwamba Mwafrika asionekane mjini usiku bila pasi. Alto wakajibu kwamba asipike pombe yake, akanywe ya manispaa. Teno na besi wakaingia na mishahara ya reli: wa Mzungu, wa Mhindi, kisha wa Mwafrika, kila mmoja nota moja chini ya mwenzake.

Ulitoka mtamu kupindukia. Baadhi ya wazee wa kanisa walilalamika kwamba tunadhihaki ibada, nikakubali kuondoa "Amina" ya mwisho. Utamu wenyewe sikuuondoa. Nilitaka mtu ajikute anautikisia kichwa wimbo kabla hajasikia unachosema.

Kilichonipa raha kuliko yote ni vipande, zile pasi za ukoloni. Ile sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, na maandishi ya tajiri wake kuhusu lini alianza kazi na lini aliruhusiwa kuondoka. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma na kikopo kikaning'inia shingoni. Tulikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Fundi aliyetuhudumia alikata mabati mabovu, akayakunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kisha akauliza ni vya nini. Tulipomweleza, aliacha kugonga akasema, "Babu yangu alikuwa nacho. Mfuniko wake haukuwa hivi, ulikuwa unateleza." Akavirudia vyote upya bila kutuongeza bei.

Kwenye mazoezi ndipo tulipogundua kwamba mwanamume akicheza isukuti, ngoma ya Waluhya, huku amevaa kile kikopo, kinampiga kifuani kwa mdundo wake, nusu hatua nyuma ya ngoma. Nikaamuru ngoma zinyamaze. Wanaume wakaendelea kuruka, na kilichobaki ni mlio wa bati juu ya mifupa ya kifua. Hiyo ikawa ngoma yetu ya onyesho zima la kwanza. Wachezaji walipata michubuko tukawashonea vitambaa ndani ya mashati. Hadhira haikuhitaji kujua hilo.

Tarehe 16 Machi 1922 tuliipitia haraka, kwa sababu wengi wanaifahamu: Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, amekamatwa, umati uko nje ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk, risasi zinapigwa. Serikali ilikiri vifo 21, lakini waliokuwepo walisema ni zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewaambia wanaume wachukue rinda lake wampe suruali zao, aliigizwa na mama anayeuza mitumba Gikomba. Huyo sikumfundisha kitu. Nilimwambia tu asimame wapi.

Mhindi alitusumbua zaidi. Katika muswada wa kwanza alikuwa dukawala mwenye mizani ya wizi, basi. Ni kweli mfumo ulimweka katikati, akapata zaidi yetu na kunyimwa alichopewa Mzungu, na chuki ya duka ipo mpaka leo. Lakini ukumbi wenyewe ulitukataza kuishia hapo. Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya ukumbi huohuo wa Kaloleni, Makhan Singh, Kalasinga aliyeongoza vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano akapendekeza uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa na wiki chache tu tangu ipewe hadhi ya jiji, sherehe ambazo yeye na Fred Kubai, mwenzake katika vyama hivyo, walitaka wafanyakazi wazisusie. Katikati ya Mei wote wawili walikamatwa, mgomo mkubwa ukalipuka, na Makhan Singh akakaa kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Wakazi wengi wa Kaloleni ninaowafahamu wamefanyia harusi na matanga kwenye ukumbi huo bila kulijua jambo hili.

Wa kumwigiza tulimpata kijana Kalasinga kutoka Ngara, fundi wa magari mwenye Kiswahili cha Nairobi kuliko hata changu. Alikuwa na sharti moja: kilemba angejifunga mwenyewe, mbele ya watu, tangu mkunjo wa kwanza. Nikaona litachukua muda mrefu. Tulipojaribu, kwaya ilikuwa ikiimba polepole nyuma yake, na nikaona muda huo ndio uliokuwa ukikosekana. Hakupanda jukwaani. Aliketi kwenye mabenchi miongoni mwa watazamaji, akajifunga kilemba, akasimama, akasema maneno yake akiwa hapohapo. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Sema, mwanangu," kana kwamba wako mkutanoni kweli.

Kuna mtu alipendekeza tuwagawe watazamaji mlangoni kwa tiketi za rangi tatu, kila rangi na kiingilio chake, ili waonje ubaguzi. Nilikataa katakata. Watu wa Eastlands wamepangwa foleni na askari vya kutosha, hawana haja ya kulipia foleni nyingine.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa 1954. Tarehe 24 Aprili, katika Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, majeshi yalilizingira jiji, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa, na maelfu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Walionyooshewa kidole walinyooshewa na watu waliofunikwa gunia lenye matundu ya macho, gakunia. Hakuna aliyetaka kulivaa gunia hilo. Mtaani watu bado wanajuana kwa majina ya baba zao. Tukaning'iniza gunia tupu kwenye mlingoti, likawa linatikiswa kwa kamba kila mtu alipopita chini yake.

Hilo lilikubalika. Lililozua ugomvi ni sehemu iliyofuata. Nafasi za kazi na vyumba walivyoacha wale waliopakiwa vilichukuliwa na watu wengine, Waluo, Waluhya, Wakamba, yaani babu zetu sisi. Nilikuwa nimetunga wimbo wa watu wanaoingia na funguo, wakikuta jiko bado lina majivu. Mzee mmoja, mwimbaji wetu wa besi, aliweka karatasi chini.

"Mwalimu, sisi hatukumfukuza mtu."

"Wimbo hausemi mliwafukuza, mzee."

"Basi kwa nini unafanana na matanga?"

Alikuwa na hoja. Baba yake alikuwa akilipia kitanda, si chumba, na alipopata funguo alileta mke na watoto kutoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa furaha, na kuiimba kama huzuni ni uongo. Tukaubadilisha kuwa wimbo wa sherehe, isukuti kamili, vigelegele, funguo juu. Majivu tukayaacha palepale kwenye jiko, katikati ya jukwaa, watu wakicheza wakilizunguka. Ukitaka maoni yangu, ndiyo dakika chungu kuliko zote katika mchezo, na hakuna anayelia ndani yake.

Maandalizi mengine yalikuwa ya kawaida. Mabenchi tuliazima kanisani, spika tukakodi, maleba yakatoka Gikomba. Ratiba tuliipanga kwa kukwepa mechi za Ingwe, yaani AFC Leopards, maana City Stadium iko jirani na siku hiyo huwezi kumwita mtu ukumbini. Wazee wawili watatu waliuliza kila mara kama tuna kibali, na sikuwalaumu. Wanakumbuka jinsi ukumbi wa michezo wa wanakijiji wa Kamiriithu ulivyobomolewa na serikali mwaka 1982. Nilitembea na karatasi ya kibali mfukoni, nikaitoa kila nilipoulizwa.

Baada ya maonyesho tulikaa na watazamaji waliotaka kuzungumza. Wengi walitaka kusahihisha: kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 hakikuwa cha vibanda kama tulivyokichora, kilikuwa na nyumba nzuri za Kiswahili, na bibi wa Shauri Moyo aliyesema hivyo alitutajia mpaka miti iliyokuwa uani kwao. Tumeshabadilisha mapazia.

Watu wa Bahati nao wametuomba tuupeleke mchezo kwao, kwa sharti kwamba sehemu ya funguo tuiandike upya tukiwa pamoja nao. Tunakutana Jumamosi jioni. Wao wanataka mwenye nyumba arudi kutoka Manyani agonge mlango, na mzee wetu wa besi anasema yuko tayari kuufungua, ila bado hatujaafikiana atasema nini akishaufungua.