Mvua ya Fort Clatsop

Jumamosi iliyopita nilifika Fort Clatsop, karibu na mji wa Astoria katika jimbo la Oregon, mahali ambapo msafara wa Meriwether Lewis na William Clark ulikaa majira ya baridi ya mwaka 1805 hadi 1806. Marekani, taifa ambalo halikuwa limetimiza hata miaka 30 tangu litangaze uhuru wake, ilikuwa imenunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi mwa Mto Mississippi, kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na Rais Jefferson akawatuma watu hawa wapande Mto Missouri hadi waione Bahari ya Pasifiki. Wenyeji waliokuwa wakiishi katika nchi hiyo hawakuulizwa.

Ngome ya asili ilikwisha kuoza. Iliyopo ni mfano wake wa magogo. Niliingia katika chumba kimoja chenye vitanda vya mbao na harufu ya moshi, mvua ikinyesha juu ya paa kama ilivyowanyeshea wao karibu kila siku.

Niliyemfikiria zaidi ni York, mtumwa wa Clark. Novemba 1805, walipokuwa wakiamua wapi wapige kambi, maoni yake yaliandikwa pamoja na ya wenzake, na ya Sacagawea, mama mwenyeji wa kabila la Washoshoni aliyesafiri na mtoto mchanga, yakaandikwa pia. Waliporudi, wenzake walilipwa fedha na kupewa ardhi. York aliomba uhuru wake, na Clark akamkatalia. Nilisimama pale muda mrefu, nikashindwa kutoka.