Usiizime Kwanza

Binti yangu ameniuliza leo: faili likifutwa linakwenda wapi? Nikamjibu kwamba mara nyingi haliendi popote, kinachopotea ni habari ya mahali lilipo. Hakuridhika. Mimi mawazo yakanirudisha kwenye usiku ule wa mdogo wangu na kompyuta yake ya Linux.

Alikuwa akiandaa flashi. Akafungua fdisk, programu ya kugawa diski, akaandika sda badala ya sdb, jina la flashi, akaunda jedwali jipya la patisheni, yaani orodha ya sehemu za diski, akabonyeza w, amri ya kuandika mabadiliko. Na sda ndiyo diski iliyobeba mfumo mzima. Ndani ya /home, folda ya mafaili ya mtumiaji, mlikuwa na kazi zake zote za masomo, pamoja na rekodi za sauti ya marehemu baba ambazo hazikuwa na nakala kwingine.

"Kaka, niizime niiwashe upya?" Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Usiizime. Usiguse kitu."

fdisk ilikuwa imeeleza kwamba diski inatumika, hivyo kerneli, kiini cha mfumo, itaendelea na jedwali la zamani hadi mashine iwashwe upya. Yeye aliona pale agizo la kuwasha upya. Mimi niliona nafasi tuliyobakiwa nayo. Katika MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, jedwali zima ni baiti 64 tu ndani ya sekta ya kwanza, kipande kidogo cha mwanzo wa diski: nafasi nne za baiti 16, zinazosema kila patisheni inaanzia wapi na ina urefu gani. Hizo ndizo zilizofutwa. Data ilikuwa palepale, na mashine, maadamu iko hai, bado iliijua mipaka.

Kwanza rekodi za baba zikahamia kwenye flashi ileile. Haikuweza kubeba zaidi.

Kisha nikamwambia achukue kalamu. Ndani ya /sys/block/sda, mahali Linux inapoonyesha kile kerneli inachokijua kuhusu diski hiyo, kila patisheni ina faili la start na faili la size, kwa hesabu ya sekta za baiti 512. Ya kwanza ilianzia 2048. Nikamsomea namba, akaandika, akanisomea tena. Mwisho wa patisheni ni mwanzo ukijumlisha ukubwa, kisha unatoa moja. Hiyo moja nilimsisitizia sana.

Kibodi nilimwachia yeye. Akafungua tena fdisk ili kuziunda upya patisheni za zamani, akaingiza mwanzo, akaingiza mwisho, akabonyeza. Halafu akanyamaza.

"Kaka, inauliza kama ifute."

"Ifute nini? Soma yote."

"Inasema patisheni ina alama ya ext4. Inauliza kama iiondoe."

Nilivuta pumzi. ext4 ni mfumo wa faili, yaani namna Linux inavyopanga mafaili ndani ya patisheni, na alama yake hukaa baiti elfu moja na kitu tu baada ya mwanzo wa patisheni. Tungekosea hata sekta moja, fdisk isingeiona. Swali lililomtisha ndilo lililokuwa ushahidi wetu wa kwanza kwamba namba ya mwanzo ni sahihi.

"Imeikuta," nikamwambia. "Jibu hapana."

Akaandika N, akaniangalia, akaendelea na inayofuata.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Jedwali likaandikwa. Nikaendesha grub-install, amri inayoweka programu ya kuwashia mfumo, kwa kuwa fdisk inapounda jedwali jipya la MBR hufuta pia msimbo wa kuwashia ulio mwanzoni mwa sekta hiyohiyo. fstab, faili linaloorodhesha mifumo ya faili ya kufunguliwa mashine inapowaka, haikuhitaji kuguswa: UUID ilizozitaja, yaani namba za utambulisho, zimo ndani ya mifumo ya faili yenyewe, na hiyo haikuwa imeguswa. Tukaiwasha upya, ikawaka, kila kitu kikiwa mahali pake.

Ninachojiuliza hadi leo ni ile kibodi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na tarakimu moja ingetosha kutuharibia. Nilitaka aione njia ya kutokea kwa macho yake, asiishi akiiogopa mashine. Yeye husema ilimfaa, na sasa wenzake wakikwama humwita yeye. Dada yetu, aliyekuwa amekaa nasi usiku ule, hajakubali: anasema kwa sauti ya baba na hali aliyokuwa nayo yule kijana, ningeshika mwenyewe kwanza, somo lingesubiri kesho.