Ndama anaharisha, ana siku ngapi?

Mvua za huku Isongole viazi vinazifurahia, ila banda la ndama ndo linakuwa tope tupu, na ukifika msimu huu simu za majirani zinaanza. "Dada, ndama wangu anahara, nimpe nini?" Mi sio bwana mifugo jamani, nina ng'ombe wachache tu wa maziwa, ila kwa vile napenda kusoma soma na kumsumbua bwana mifugo wetu na maswali, basi nimeshafanywa dokta wa mtaa.

Wiki hii ilikuwa zamu ya shemeji. Nimefika kwake nakuta katoto ka Frizian, jike, kamelala kamegeuzia kichwa ubavuni, mkia na mapaja yamegandiwa na uharo wa njano, inzi wamejaa. Shemeji kashika bomba la sindano, chupa ya OTC, ile antibayotiki ya sindano, ipo mfukoni, ameitoa agroveti asubuhi ile ile. Namuuliza ana siku ngapi huyu? Akanishangaa kabisa. "Siku zinahusu nini shemeji, si anaharisha?"

Zinahusu bana, na hii kitu imenikaa kichwani tangu juzi. Sisi huku swali letu ni dawa gani, dawa gani, na muuzaji naye hakuulizi kitu, anakupa ileile aliyompa wa jana. Wakati umri wa ndama peke yake unakupa nusu ya jibu. Akiharisha ndani ya siku nne za kwanza, maji matupu, asubuhi yuko vizuri jioni hasimami, hapo wa kwanza kumshuku ni bakteria E. koli, ile aina inayojishikiza kwenye utumbo wa ndama mchanga na kutoa sumu inayovuta maji ya mwili yamwagike nje. Kuanzia kama siku ya tano mpaka wiki mbili tatu, hapo ni virusi vya rota na korona, na kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, na mara nyingi wanakuja wawili au watatu kwa pamoja. Koksidia, kijidudu kingine cha utumboni, yeye bado, mpaka ndama apite wiki tatu hivi, kwa sababu inachukua muda huo kuzaliana ndani ya utumbo, ndo unaona damu na ndama anajikamua mpaka unamuonea huruma. Salmonela, bakteria mwingine, haina adabu ya umri, ikija inakuja na homa, damu na harufu ambayo ukiisikia hutaisahau.

Wa shemeji alikuwa na siku tisa. Sasa rota, korona na kripto, OTC haivigusi hata kimoja! Antibayotiki inaua bakteria, virusi haviijui. Sisemi sindano haina kazi, ndama akiwa na homa kali au damu au amezidiwa kabisa bwana mifugo anaweza kumchoma, na ana sababu, maana utumbo ukishachubuka bakteria wanaingia kwenye damu. Ila kuchoma kila anayehara tena kwa dozi ya kukadiria kwa macho, mh. Na rangi ya mavi isikudanganye, kila mtu hapa kijijini ana nadharia yake ya njano na nyeupe, ukweli ni kwamba bila maabara hakuna anayejua kwa uhakika. Maabara ya mifugo ya serikali iliyo karibu na sisi ninayoijua ipo Iringa, ya TVLA, na kutoka hapa mpaka Iringa ni safari, nani anapeleka kikopo cha mavi ya ndama mmoja? Wakifa watatu wanne mfululizo hapo sawa, inalipa.

Kinachomuua ndama mara nyingi sio mdudu mwenyewe, ni kuishiwa maji na chumvi, na damu kuwa na asidi. Ndama wa kilo 40 akipungukiwa maji kwa asilimia 8 ya uzito wake ameshapoteza lita 3 na ushee, na hapo utaona macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Nikaingiza kidole mdomoni, mdomo una uvuguvugu bado, na akakinyonya, kwa uvivu lakini akakinyonya. Hapo moyo ukatulia, maana anayenyonya kidole atanyonya chupa. Mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi usimlazimishe kumimina, maji yataingia kwenye mapafu, mwite mtaalamu aje na mpira wa tumboni au dripu.

Shemeji akataka kukoroga sukari na chumvi kama tunavyofanyiaga watoto. Nikamwambia hapana, na hii nilijifunza kwa bwana mifugo, ilinishangaza sana: ndama hana kimeng'enyo cha kuvunja sukari ya mezani. Ile sukari inapita bila kufyonzwa na inavuta maji zaidi, kuhara kunaongezeka. Anataka glukosi. Kwa hiyo kama hakuna paketi za chumvi za ndama, bora hata ile ORS ya duka la dawa, yenyewe ina glukosi, paketi moja kwa lita moja ya maji. Za ndama ni nzuri zaidi kwa sababu zina kitu cha kupunguza asidi. Tukampa lita 2 za vuguvugu, jioni tena, usiku tena. Na maziwa hatukumkatisha, japo mama mkwe wa shemeji alipinga sana, anasema maziwa ndo yanamharisha. Bila maziwa ndama anakula mwili wake mwenyewe na baridi hii ya huku inammaliza. Maziwa kwa saa yake, dawa ya maji kwa saa yake, usichanganye tu.

Halafu nikauliza habari za dang'a, yale maziwa ya kwanza ng'ombe akizaa. Kimya. Kumbe ng'ombe alizaa usiku, asubuhi wakakamua, nyingine watoto wakapikiwa (tamu, sikatai, mi mwenyewe nimekulia hiyo), ndama akapata baadaye kidogo. Ng'ombe sio kama binadamu, mama hampitishii mtoto kinga akiwa tumboni, ndama anazaliwa mtupu. Kinga yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo unaipokea vizuri masaa sita ya kwanza, kufika saa 24 mlango umefungwa. Ndama wa Frizian anatakiwa lita 3 mpaka 4 mapema, watoto wapike kitakachobaki.

Kitu kingine, watoto wa shemeji wanacheza na huyo ndama, wanampapasa halafu wanaenda kula ugali. Salmonela na kripto zinaingia kwa binadamu, na kripto ina gamba gumu, klorini ya kawaida haiiui. Inakufa kwa maji ya moto sana na kwa kukauka, sasa huku kwetu kukauka ni lini, Oktoba? Kwa hiyo ndoo ya ndama inaoshwa kwa maji yaliyochemka, na mikono kwa sabuni, sio kusuuza.

Nilivyokuwa narudi nikawa nafikiria ile rota. Mtoto mdogo wa shemeji alipewa matone ya chanjo yake kliniki, wiki ya 6 na ya 10, Tanzania wameanza kuyatoa 2013. Kumbe kirusi cha ndama kiligundulika kwanza, Nebraska kule Marekani mwaka 1969, halafu 1973 Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne ndo wakakiona cha watoto. Yani ndama walitangulia. Na kuna nchi ng'ombe mwenye mimba anachanjwa wiki za mwisho ili kinga ipite kwenye dang'a. Nimemuuliza bwana mifugo kama inawezekana huku kwetu, kasema ataulizia kituo cha utafiti cha Uyole.

Ndama wa shemeji leo amesimama, uharo umekuwa mzito, kamenipiga teke nilivyotaka kumfinya shingo. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa wote mlioniuliza. Sasa shida imehamia kwangu, mtamba wangu anazaa mwezi ujao na mwenzangu anasema kizimba kipya cha ndama ni gharama, cha zamani kinatosha. Cha zamani hicho wamepita ndama watatu na wote waliharisha, sakafu ni udongo. Mbao nimeshaulizia bei, pumba za mbao za kutandika napata bure kwa fundi wa pale barabarani, bado kumshawishi yeye tu.