Kovu la Tatu

Leo wakati wa kumwogesha nimeyatafuta makovu matatu ubavuni mwa mwanangu, moja nikalikosa. Nikamgeuza kwenye mwanga, naye akanimwagia maji usoni. Lipo, chini ya kwapa, kama alama ya ukucha.

Kasoro ilionekana angali tumboni: altrasaundi ilionyesha vifuko kwenye sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Akazaliwa mzima, analia, ananyonya, hata kikohozi hana. Hilo ndilo lililonitesa, kumpeleka kwenye kisu mtoto asiyeumwa. Daktari hakunificha: vifuko vile huweza kushika maambukizi baadaye, ila wapo madaktari ambao wangesubiri na kufuatilia tu. Tukakubaliana afanyiwe operesheni ya kuiondoa sehemu hiyo ya chini akifikisha miezi 6. Pafu la kushoto lina sehemu mbili tu, kwa hiyo mimi nilihesabu kwamba wanaondoa nusu.

Wangepitisha kamera na vifaa kwenye matundu badala ya kupasua kifua, na neno "matundu madogo" nililishika kama hirizi. Milimita 5 au chini ya hapo! Nikadhani na operesheni yenyewe ni ndogo. Daktari wa usingizi ndiye aliyenitoa usingizini (samahani, limekuja lenyewe). Mrija wa kupumulia wa njia mbili, njia moja kwa kila pafu, wanaotumia kwa watu wazima hauingii kwenye koo la mtoto mchanga, hivyo husukuma mrija wa kawaida hadi upande mmoja, pafu hilo lipumue na jingine lipumzike. Kisha hupuliza kaboni dayoksaidi kifuani, kwa mgandamizo mdogo sana, pafu linywee na kamera ipate pa kupita. Humo ndimo wanamoziba mishipa ya damu iliyo jirani na moyo. Fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari: ikilazimu, tutafungua kifua. Niliusoma mara nne. Kifua cha mtoto kikifunguliwa, uti wa mgongo unaweza kupinda anavyokua.

Haikulazimu. Pafu lisilo na hewa ni kama sponji iliyokamuliwa, ile sehemu ya chini ikatolewa kupitia tundu moja lililopanuliwa kidogo.

Wodini sikumtazama yeye, nilitazama chupa ya mrija uliotoka kifuani. Kila akilia, viputo vinapanda majini, nami roho juu.

"Mama, hiyo ni hewa inatoka," muuguzi akaniambia. "Iache itoke."

Kesho yake alilia kwa hasira, njaa tupu, nikainama kuangalia chupa. Maji yalikuwa yametulia.