Filta ya dizeli, siku ya 11: mchawi kapatikana

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari limewaka kwa mguso mmoja. Nikalizima, nikaliwasha tena kwa raha zangu tu, nikalizima, nikaliwasha. Mama watoto akachungulia dirishani kuuliza kama nasafiri. Sisafiri. Ni asubuhi ya tatu mfululizo, na siku nane kabla ya hapo, tangu nibadilishe filta ya dizeli, nilikuwa napiga stata mpaka mbwa wa jirani anaondoka zake.

Filta yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa. Hilux lilikuwa linakata pumzi nikipanda Kibosho, pale pa gia ya tatu napanda na ya pili, halafu taa ya filta kwenye dashibodi ikaanza kuchungulia kila nikikata kona. Nikalegeza chini kumwaga maji, kikatoka kitu cha rangi ya chai ya jana. Hapo hakuna kubembelezana. Injini ni 5L, ile ya dizeli ya Toyota, wenye nazo mnajua mpangilio: filta ya kuzungusha, swichi ya kuhisi maji chini yake, kitufe cha pampu ya mkono juu.

Nitoe dukuduku moja kuhusu spana. Kuna mafundi bado wanatoboa filta kwa bisibisi ndefu na kuizungusha kama wanachoma mishikaki. Dizeli inamwagika mpaka kwenye mpira wa jenereta, halafu bati likichanika unabaki na kichwa kimeng'ang'ania. Spana ya mnyororo ni sawa kwa kuitoa ya zamani, maana hata ikibonyea inaenda kutupwa. Ila ukimwona mtu anafungia filta mpya kwa mnyororo, chukua funguo zako uondoke. Mimi natumia kipande cha msasa ndani ya kiganja. Mpira ukishagusa, robo tatu ya mzunguko, basi.

Nikapaka dizeli kwenye mpira, nikahamisha swichi ya maji na kuivalisha oringi mpya, ule mpira wa duara wa kuziba, nikapampu kwa kidole gumba mpaka kitufe kikagoma. Likawaka. Nikanawa mikono hadi kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji.

Kesho yake, stata. Sekunde kumi, napumzisha betri, kumi nyingine. Linawaka likitetemeka kama lina homa, likishakaa dakika moja ni zima kabisa, na kutwa nzima ukiligusa tu limewaka. Likilala usiku, hadithi ileile.

Nikampigia fundi. "Kaka, hizo hita zimekufa. Na baridi hii ya mwezi wa saba, usijisumbue." Nikakimbia kununua hita nne, zile plagi za kupasha injini joto kabla haijawaka. Nimeshazilipia, nimefika nyumbani, ndipo akili ikanijia ya kupima za zamani. Nikavua ule ukanda unaoziunganisha, nikachukua balbu, waya mmoja chanya ya betri, mwingine kichwani kwa hita. Ya kwanza balbu ikawaka. Ya pili ikawaka. Zote nne. Zile mpya nikaziweka kabatini na boksi lake, na kila nikifungua kabati zinanicheka.

Ningemtumia mwanangu mapema ningeokoa hela. Nilimsimamisha nyuma kwenye ekzosi, nikapiga stata. "Baba, hakuna moshi." Tunaishi Moshi na hakuna moshi. Lakini hiyo ndiyo habari iliyokuwa na maana kuliko ushauri wote niliopewa wiki ile. Hita zikifa, nozeli bado zinapuliza dizeli ndani ya injini, ila haishiki moto, na nyuma unatoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi. Pasipo moshi kabisa, dizeli haijafika kwenye nozeli. Imerudi tenki usiku, na mahali pake imeingia hewa.

Sasa, hewa inaingilia wapi? Hapa ndipo nilipopotezea siku. 5L haina pampu ya umeme kwenye tenki. Pampu ya nozeli inavuta yenyewe, kutoka tenki kupitia filta mpaka kwake. Bomba lote hilo linafyonzwa, halisukumwi. Pakiwa na tundu, dizeli haitoki, hewa ndiyo inaingia. Nimelala chini na tochi asubuhi tatu, nimetandika karatasi ya boksi, nikitafuta tone ambalo halikuwa na sababu ya kudondoka. Boksi kavu.

Nikalaumu kila kitu. Nikabadilisha oringi tena. Nikabadilisha klipu zote. Nikamwendea Mangi wa duka la spea na maneno makali kwamba kaniuzia filta feki. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mdogo wangu, feki haichagui asubuhi." Nikaondoka nimekasirika kwa sababu alikuwa sahihi.

Mwisho nikachomeka kipande cha mpira wa wazi kati ya filta na pampu. Nikawasha nikiwa nimeinama na tochi. Viputo. Vidogo kama vya soda, kimoja kimoja, vinapita, vingine vinajikusanya kwenye mpindo wa juu na kuwa kipande kirefu cha hewa. Basi nilijua ninagombana na nini. Mahali bado.

Jumamosi nikapanda kwa mama Kibosho, tenki limejaa. Uwanjani kwake ni mteremko mtupu, nikalilaza gari pua ikitazama mjini. Jumapili asubuhi tunawahi misa ya kwanza, nikajiandaa kwa aibu ya kupiga stata mbele ya majirani. Mguso mmoja.

Nilikaa kwenye usukani sijagusa gia. Sikuwa nimebadilisha kitu chochote tangu Ijumaa isipokuwa pua kuwa chini. Tenki la nyuma lilikuwa limelala juu kuliko injini, dizeli haikuwa na pa kurudi. Na kama usiku kucha ilikuwa inakuja mbele kwa uzito wake, basi palipo na tundu, safari hii itakuwa imetoka nje!

Nikafungua boneti na shati jeupe la kanisani. "Wewe, utachafuka!" Mama, subiri kidogo. Kuzunguka shina la kitufe cha pampu ya mkono, lile vumbi la barabara lilikuwa limelowa, duara jeusi kama sarafu ya mia. Nikalifuta kwa karatasi ya chooni, nikasubiri. Duara likarudi polepole, kama jasho.

Kumbe ndani ya ile pampu ya mkono kuna mpira mwembamba. Ulikaa miaka hauguswi, ukakauka. Siku ya filta nikaja na kidole gumba changu, nikaubonyeza mara hamsini kwa bidii. Niliupasua mwenyewe. Nilipoufungua ulikuwa na ufa ukingoni, mwembamba kama mwezi mwandamo: ukiukunja unafumbuka, ukiuachia unajifunga, huwezi kujua.

Nikarudi kwa Mangi, nimepoa. Akanitafutia kichwa kizima cha filta cha mtumba, pamoja na pampu yake ya mkono, na kunionyesha namna ya kukipima: bonyeza kitufe, ziba kwa kidole tundu la kuingilia dizeli, achia. Kitufe kikabaki chini, kimeshikwa. Tukafanya hivyo kwa kile changu, kikaruka juu kama chura. Kufunga ilikuwa bolti mbili na mipira miwili, chai haijapoa.

Baada ya filta ratiba ilikuwa nipime vavu, halafu breki za mbele. Zitasubiri. Ule mpira wa wazi sijautoa, kila asubuhi naenda kuuchungulia, na watoto nao wameanza kupanga foleni. Fundi ananiambia plastiki hiyo dizeli itaikausha na kuipasua, na hapo simbishii. Kwa hiyo sasa natafuta chombo cha kutenga maji na dizeli chenye bakuli la wazi, kikae kabla ya filta. Mabano yake nimeshayachora kwenye lile boksi lililokuwa kavu, na jirani mwenye mashine ya kuchomelea kasema nilete chuma Jumamosi.

Halafu zipo hita nne za 5L, mpya, hazijawahi kufungwa. Bei tutaongea.